Siku Nilipopika Uji Ndani ya Rejeta ya Harusi

Jamani, niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana Bariadi kuna watu ambao hadi leo nikipita wananiita Fundi Uji, na baadhi yao hata hawajui jina hilo lilianzia wapi, wanadhani ujanani nilikuwa nauza uji stendi. Sikuwahi kuuza uji. Nilifanya jambo baya zaidi: niliupika ndani ya rejeta ya gari la harusi, nikaufungulia katikati ya mnada wa ng'ombe, na mama wa bibi harusi alikuwa amesimama pale pale karibu yangu, amevaa kitenge kipya. Aibu nimezipata nyingi (mimi ni mtu wa kuona aibu hata nikikohoa kanisani), lakini ile ndiyo iliyonilea, na kila nikiikumbuka, nikishamaliza kufunika uso, najikuta nashukuru.

Ilikuwa katika ile miaka ya ruksa, sisi tukiwa bado tunahesabiwa Mkoa wa Shinyanga. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakaanza kujaa, mitumba ikamwagwa chini juu ya maturubai, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao, na nyuma yao wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, watu wa kupiga hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza, "Hamna shaba hapa?" Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa fundi, ila fundi wa kujifundisha: kuchomelea nilijifunza kwa kumchungulia fundi mmoja wa rejeta kupitia tundu la uzio wake, mengine nikayatoa kwenye kitabu kilichokosa kurasa za mwisho (baadaye niliambiwa kurasa za mwisho ndizo zilizoeleza namna ya kupima kazi, basi mjionee wenyewe). Na nina ugonjwa, sijui kama una jina. Situlii kitu kikiwa na kasoro. Nikifunga mlango narudi kuujaribu mara tatu, nikiosha sufuria naigeuzageuza juani kutafuta doa, na nikiwa na wasiwasi mikono yangu lazima ipate kitu cha kusugua.

Siku moja akaja bandani kwangu mama mmoja mjane, mkulima wa pamba wa kijiji cha jirani na mji. Kila mtu alimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wazee waliomzidi umri. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, na meneja yule alipoondoka nchini alimwachia gari lake, gari la zamani kweli, la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lenye magurudumu ya vijiti kama ya baiskeli, taa zilizotokeza kama macho ya chura, na uso wote wa mbele wa shaba ya njano, ile ambayo sisi mafundi tunaiita brasi. Marehemu alilitunza kama ng'ombe wa mahari. Lakini alipolazwa hospitali, watu wa vyuma chakavu wakapita, wakaling'oa tangi la juu la rejeta na pete za taa, na aliporudi nyumbani akakuta gari lake halina paji la uso. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

"Sitaki kujionyesha kwa mtu," Mayu akaniambia. "Limi ni mziwanda wetu. Baba yake alimwahidi kwamba ataenda kanisani kuolewa kwa gari lile. Mimi nilikuwepo akiahidi. Sasa anaolewa, na wakwe wanatoka Mwanza na gari lao la kisasa, na wameshaanza kuuliza kwa nini tusipande lao wote. Unaweza au huwezi?"

Nikasema naweza. Sikuwahi kutengeneza tangi la rejeta tangu nizaliwe, lakini nilisema naweza, kisha akaondoka nami nikasugua koleo langu hadi jioni.

Bati la brasi halikupatikana Bariadi nzima. Nikapata masinia mawili makubwa kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahamia Mwanza, nikayakata kwa kufuata kipande cha boksi nilichochora, nikayapasha moto yalainike, nikayakunja juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, halafu nikaanza kuunga, gesi ikitoka kwenye mtungi wa kabaidi na mkononi nikiwa na kijiti cha brasi nilichochovya kwenye unga wa boraksi. Brasi ina tabia zake. Ukiizidishia moto inatoa moshi mweupe, na moshi ule ni sehemu ya madini yenyewe inayokimbia, ukiendelea inabaki na vitundu kama andazi, na wewe fundi unakwenda kulala na homa. Mara mbili nililala na homa. Mayu alipopata habari akaja na kibuyu cha maziwa, akakaa juu ya debe la oili, akahakikisha nimemaliza ndipo akaondoka, na akawa anafanya hivyo kila siku mpaka kazi ikaisha. Hakuna aliyewahi kukaa kuniangalia nikifanya kazi bila kunicheka. Nilikuwa nikimaliza maziwa natamani kulia, lakini ningeliaje nimevaa miwani nyeusi.

Alhamisi asubuhi nikalijaza tangi maji, nikaliacha hivyo hadi Ijumaa asubuhi. Halikutoa hata tone. Mayu akapitisha kidole chini ya mshono wote, akakitazama, kikavu.

"Inatosha, mwanangu," akasema. "Acha hivyo hivyo."

Hapo ndipo ningeacha, na leo msingekuwa na cha kusikiliza.

Lakini mshono ule! Ulipita mbele kabisa, mahali pa kuonwa na kila mtu, umevimba, una mapingili, kama funza wa pamba aliyeshiba akalala juu ya shaba yangu. Nikaenda mbali nikautazama, nikarudi nikautazama, nikala chakula cha mchana nikiutazama. Nikawaza wakwe wa Mwanza watauona. Nikawaza yule fundi wa uzio atapita auone. Na saa tisa alasiri, Mayu akiwa ameshaondoka, nikachukua tupa.

Niliupiga tupa ule mshono mpaka ukalala sawa na bati, nikapitisha msasa mkubwa, msasa mdogo, kisha majivu laini niliyochanganya na ukwaju, kisha kitambaa, na ulipofika wakati wa kuswali magharibi kwa jirani yangu mshono haukuwepo tena duniani. Ungeapa kwamba tangi lile lilizaliwa hivyo. Niliyaona meno yangu ndani yake, yote. Kupima tena? Niliwaza, nisiwadanganye, niliwaza kabisa. Lakini maji yakikauka juu ya brasi iliyong'arishwa yanaacha madoa, nami nisingeweza kuyavumilia madoa. Nikajiambia, jana lilishika, leo litashindwaje?

Jumamosi asubuhi tukalifunga kwenye gari, pamoja na pete za taa nilizokata kwenye masinia yale yale, mimi na Mzee Masanja, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye angeendesha. Tukajaza maji. Watu wakaja kushangaa, watoto wakajitazama kwenye taa, na shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye glavu nyeupe hadi kwenye viwiko, akashuka kwenye basi lao dogo la kutoka Mwanza akasema, "Kumbe linang'aa kweli, nilidhani ni maneno." Nilikuwa nimevimba kwa furaha kama ule mshono kabla ya tupa. Nikainama kufuta alama ya kidole cha mtoto, na nilipoinama ndipo nikaliona tone.

Tone moja. Likaanguka. Likaja lingine.

Nilielewa papo hapo. Chini ya yale mapingili mabaya kulikuwa na vitundu, na mapingili ndiyo yaliyokuwa yameviziba. Mimi nilikata paa la nyumba, nikaziba mianya kwa majivu na ukwaju, na sasa majivu yalikuwa yanayeyuka. Ningesema pale pale, jamani tungojee kidogo, tungelilehemu kwa risasi nusu saa, basi. Lakini nimtazame Mayu usoni nimwambie niligusa alichoniambia nisiguse? Badala yake nikakumbuka kwamba madereva wa malori husema konzi moja ya unga ndani ya rejeta huziba tundu mpaka ufike uendako. Nikaingia jikoni kwa wanawake waliokuwa wanapika.

"Mama zangu, naomba unga kidogo."

"Wa nini?"

"Wa kung'arishia gari."

"Nyie mafundi mnang'arishia chakula, halafu mvua ikikataa mnatuuliza tumemkosea nini Mungu," mmoja akasema, lakini akanipa unga wa mtama.

Nikatia konzi moja. Tone likakata. Hapo mtu mwenye akili angefunga kifuniko. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha, nikatia kikombe kizima. Halafu, kwa usalama, kikombe cha pili.

Tukaondoka. Mayu na Limi walikaa kiti cha nyuma, mimi nikapewa heshima ya kukaa mbele na Mzee Masanja, basi la wakwe likatufuata. Kilomita ya kwanza nilikuwa naomba kimoyomoyo. Ya pili Mzee Masanja akaanza kunusa.

"Shemeji," akamwambia Mayu, "mmeacha uji jikoni?"

"Uji gani? Leo ni pilau."

"Mbona unanukia?"

"Hata mimi nausikia," akasema Limi ndani ya shela. "Fundi, wewe husikii?"

"Nina mafua," nikasema.

Na hapo, mbele yetu, pakatokea mnada. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada, ng'ombe wametanda hadi barabarani, wachuuzi, wanunuzi, watu wa vijiji vyote, na gari letu likaenda taratibu kupenya katikati yao, likakohoa, likatetemeka, likazimika. Kimya. Kisha tukasikia ndani ya boneti sauti ambayo kila mtu aliyelelewa na mama anaijua: pwa, pwa, pwa, uji mzito unaochemka.

Nikaruka chini. Mayu naye akashuka. Pembeni mwa kifuniko cha rejeta uji ulikuwa umeanza kupenya, wa kahawia, unateremka polepole juu ya brasi yangu, brasi niliyoipiga msasa hadi magharibi, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Siyo aibu, siyo harusi. Lile doa. Nikavua shati, nikalizungushia mkono.

"Usiguse hicho kifuniko!" Mzee Masanja akapiga kelele.

Nikakigusa.

Uji ulipanda juu, jamani, ulipanda mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Kwa bahati ya Mungu ulirukia huko juu ukapoa kabla ya kushuka, isipokuwa ule ulioniunguza kiganja. Ukashuka kwenye boneti, kwenye taa, kwenye kifua changu kilichokuwa wazi, kwenye ng'ombe mmoja mweupe wa watu, na kwenye kilemba cha kitenge kipya cha Mayu. Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ya mshangao wa kweli, "Gari inatapika!"

"Siyo matapishi," akajibu mwingine aliyekuwa ameshachovya kidole, "ni uji. Wa mtama."

"Ndiyo maana Wazungu waliliacha! Lilikuwa linawamalizia chakula!"

Hapo mnada ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Ndani ya gari niliona shela ya Limi inatikisika, nikadhani analia, moyo ukanikatika. Kumbe naye anacheka.

Aliyekuwa hacheki ni shangazi wa bwana harusi. Alishuka kwenye basi, glavu zake bado nyeupe, akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Basi imetosha. Bibi harusi ahamie kwenye gari la watu, na hilo lirudi kwa wenye vyuma chakavu, ndiko kwake."

Nilimwangalia Mayu. Alikuwa amesimama wima, uji unamteremka shavuni, na macho yake hayakuwa kwangu wala kwa shangazi, yalikuwa kwenye gari. Nilijua anachokiona. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeahidi jambo moja kabla ya kufa, na ahadi yake ilikuwa imeharibika mbele ya wakwe kwa sababu kijana mmoja hakupenda sura ya mshono.

"Mayu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi, "ni mimi. Niliupiga tupa. Ukavuja, nikatia unga."

Akajipangusa shavu, akausugua ule uji kati ya vidole, akautazama.

"Umeiva," akasema. Kisha, "Mkono wako umeungua?"

"Kidogo."

"Mshono ulikuwa unashika maji?"

"Ulikuwa unashika."

"Sasa kwa nini uliupiga tupa?"

"Ulikuwa na sura mbaya, Mayu, kama funza wa pamba."

"Hata marehemu alikuwa na sura mbaya," akasema. "Nilikaa naye miaka thelathini, hakuvuja hata siku moja."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile tena, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Sasa kilikuwa chake, amekishika yeye kwenye kamba. Na kabla hakijaisha alikuwa ameshageuka kumtafuta mzee mmoja mwenye kofia ya majani, aliyekuwa amesimama na jozi ya maksai waliofungwa nira ya mkokoteni.

"Baba, mwangaluka," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Hao maksai wanavuta?"

"Wanavuta jembe na mkokoteni. Harusi hawajawahi."

"Watajifunza leo. Hata fundi wangu alijifunza mwenyewe."

Mkokoteni ukaachwa mnadani, mnyororo ukafungwa kwenye bampa. Mzee Masanja akabaki kwenye usukani amekaa kama balozi, akatoa kichwa dirishani akawaambia watu, "Hawa angalau hawachemki." Mayu akafungua kilemba chake kilicholowa, akanipa. "Futa," akasema. "Uliing'arisha mwanzo, ing'arishe tena." Basi nikatembea kando ya gari kutoka mnadani hadi kanisani, kifua wazi, kiganja kimevimba, nikifuta brasi kwa kitenge cha mama wa watu, na kila nilipofuta jua likaipiga ikawaka, na nyuma yetu mnada ukafuata, na wanawake wakaanza wimbo, na basi la kisasa la kutoka Mwanza likalazimika kutambaa nyuma ya maksai kwa mwendo wa jembe. Tulipokaribia kanisa nikasikia kigelegele kimoja kirefu kuliko vyote. Niligeuka. Alikuwa shangazi, ametoa kichwa dirishani na glavu amezivua.

Mlangoni mwa kanisa Limi aliposhuka, Mayu alisimama akaliangalia gari, akasema kwa sauti ya chini, nadhani hakuwa anaongea nasi, "Ulisema atafika kwa gari hili. Hukusema kwa injini."

Jumapili nilifunga vyombo vyangu. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa mjomba kule Nassa, ziwani, nikavue samaki, maana samaki hana mshono. Lakini Jumatatu asubuhi, nikiwa najaribu mlango kwa mara ya tatu, Mayu akatokea, amebeba tangi langu ndani ya khanga na kibuyu cha maziwa mkononi. Aliona mizigo. Akakaa juu ya debe lake.

"Shona tena," akasema. "Safari hii uniachie funza wangu."

Ilinichukua siku mbili kuutoa ule uji kwenye mirija ya rejeta kwa maji ya moto (ukikauka ni saruji, msijaribu). Kisha nikaunga upya, nikapima siku nzima, na mikono ilipoanza kuitafuta tupa nilimpa Mayu aikalie. Mshono ule upo mpaka leo, mbaya kupindukia, na haujatoa tone. Watu walipouona wakaanza kuniletea kazi, rejeta, pete za taa, honi za mpira za kizamani, na kila aliyekuja alisema neno moja: tuachie mshono kama wa Mayu.

Nilijiapiza mambo mawili. La kwanza, kazi iliyopimwa ikashika haiguswi. Na nikiigusa, hata kwa kitambaa, naipima tena, madoa yaje. La pili mnalijua, unga ni wa jikoni.

Nyumbani kwa Mayu huwa naenda kumsalimia kila mwaka pamba zikishauzwa. Kabla sijakaa vizuri ananiletea kikombe cha uji wa mtama, anasimama mbele yangu mpaka nionje, halafu ananiuliza, uso mkavu kabisa, wajukuu wakiwa wameshaanza kucheka nyuma ya mlango:

"Umeiva?"

"Umeiva, Mayu," namjibu, kisha namshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana."

Na nakunywa wote.